Taa Ilianza Kuwaka Lini?

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayetusikia ukiwa kwenye usukani, kabla sijataja jina la marehemu, hebu tupia jicho dashibodi yako. Kuna taa ya rangi ya chungwa inayowaka? Kama ipo, usiizoee. Habari ya leo inaanza na taa kama hiyo, na inaishia makaburini Kola.

Tunamkumbuka Fundi Kibwana Mloka. Fundi wa magari ya dizeli, Msamvu, hapa Morogoro. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kibwana alizaliwa Matombo, huko milimani Uluguru. Ufundi aliupata kwenye karakana ya shirika la umma, enzi za Landrova. Soko huria lilipoingia, shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Kibwana alirudi nyumbani na sanduku la spana na barua ya shukrani. Mkewe, Bi Raya, anasema barua ile aliitumia kuwashia jiko.

Soko lile lile lililomtoa kazini likamletea kazi mpya. Magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika, na mengine yakaja na kitu ambacho mafundi wengi hawakukijua: chujio la masizi, ndani ya bomba la moshi. Chujio hilo hunasa masizi ya dizeli. Likijaa, gari hulipasha moto lenyewe mpaka masizi yaungue. Lakini ili yaungue vizuri, gari linataka mwendo mrefu, wa kasi. Gari la kupanda milima kwa gia namba moja halipati mwendo huo. Chujio linaziba. Taa inawaka. Gari linakosa nguvu.

Mafundi wengine walilikata wakalitupa. Kibwana alikataa. Alisema huwezi kumkata mtu pua kwa sababu ana mafua.

Kompyuta hakuwa nayo. Aligonga chujio kwa mpini wa nyundo. Lililo safi hulia kama debe tupu, lililoziba hulia kama debe la mchanga. Lakini kabla ya kugonga chochote, alimuuliza dereva swali moja. Lile lile, kila siku. "Taa ilianza kuwaka lini?" Jibu hilo ndilo lililomwambia chujio limejaa kiasi gani, na lina moto kiasi gani.

Alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi mmoja aitwaye Dadi, muuza vipuri. Dadi alikuwa akimkuta uvunguni mwa gari, anamwambia, "Wewe Mluguru, utafia chali, chini ya gari la watu." Kibwana alicheka. Sote tulicheka. Leo utani ule hauchekeshi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kolero, kule milimani, wananchi walinunua pikapu ya dizeli ya kuteremsha wagonjwa mjini. Dereva wake ni Ignas. Mwaka juzi pikapu ilikosa nguvu, ikaletwa kwa Kibwana. Aligonga chujio, likalia kama debe la mchanga. Hakuishia hapo, alitafuta kilicholijaza. Akakuta nozeli ya tatu, kile kipulizia mafuta cha injini, inavujisha dizeli. Akabadilisha nozeli, akalifungua chujio, akaliosha kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, akalianika siku mbili. Taa ikazimika. Akampa Ignas masharti mawili. Kila baada ya wiki mbili, alikimbize gari kwenye lami mpaka Dumila bila kusimama, masizi yaungue. Na likitoka kuunguza, asiliegeshe kwenye majani makavu, kwa sababu bomba linakuwa tanuru.

Ignas alikwenda Dumila mara nne. Kamati ya gari ikahoji. Gari la wagonjwa linakwenda tupu Dumila kufanya nini, kununua vitunguu? Safari zikafutwa. Mwaka huu taa ikarudi. Wagonjwa wakaanza kuiulizia ile taa, na Ignas akaifunika kwa kipande cha plasta. Wiki tatu taa iliwaka chini ya plasta. Narudia: wiki tatu.

Siku ya tukio, mchana wa kiangazi, pikapu ilimbeba Furaha, mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, pamoja na dada yake Nasra. Kwenye mwinuko baada ya Mvuha gari likagoma kupanda. Ignas akaweka mawe kwenye magurudumu, akaacha injini inanguruma, akihofia ikizima haitawaka tena. Kibwana alikuwa karibu, Matombo, kwenye arobaini ya mjomba wake. Akapigiwa simu, akaja kwa pikipiki, amevaa kanzu nyeupe.

Ignas aliposikia pikipiki, alibandua plasta.

Kina mama wa jirani walimwona mzee msafi anataka kulala vumbini. Wakaona si heshima. Wakamletea majani makavu ya mgomba, wakamtandikia uvunguni, mengi, kama kitanda. Kibwana aliyatazama. Akauliza lile swali lake.

"Leo asubuhi," Ignas akajibu.

Kama ni leo asubuhi, chujio halijajaa. Kama halijajaa, moto si mkubwa. Furaha alikuwa analia. Kibwana alivua kanzu, akaitundika kwenye kioo cha pembeni, akalala juu ya majani.

Alishafungua nati mbili za chujio majani yaliposhika moto. Angeweza kutoka, na Nasra anaapa kwamba njia ilikuwepo. Lakini juu yake kulikuwa na Furaha. Alibaki uvunguni, akawa anayakumba majani yale kwa mikono mitupu kuyatoa nje, mpaka Furaha alipoteremshwa. Lori la machungwa lilimfikisha mjini, akajifungua mtoto wa kike salama.

Kibwana alikaa hospitali siku kumi na moja. Siku ya tisa aliomba Ignas aitwe. Mikono imefungwa bandeji, sauti imebaki kidogo. Akamuuliza tena, taratibu: "Taa ilianza kuwaka lini?"

Ignas akasema wiki tatu.

"Sasa tumeelewana. Kawaambie na madereva wenzako."

Ignas amekuja mwenyewe studio, akatupa habari hii, akataka jina lake litajwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nasema methali hiyo imepungukiwa. Mara nyingine anayeficha ni mmoja, na kifo kinamchukua mwingine.

Msibani, Dadi alilala chali uani juu ya boksi, akimwigiza marehemu kama watani wafanyavyo, akaomba spana namba kumi na tatu. Watu waliinamisha vichwa. Bi Raya ndiye aliyecheka kwanza, kisha akalia. Ile kanzu anayo bado, haina hata doa.

Pole sana Bi Raya. Poleni watoto, poleni ukoo wote wa Matombo. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Kibwana Mloka.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Fundi akikuuliza taa ilianza kuwaka lini, mwambie kweli. Yeye ndiye atakayelala chini.