Kigari Kilichongoja Feri

"La, mwanangu, sikugonga mtu. Nalisimama kungoja feri."

Ndivyo Awadh alivyomjibu Mueni, binti wa kazi za ofisini aliyejuana naye papo hapo kwenye kivuko, alipomuuliza kaangukaje mtihani wa udereva. Lori kaliendesha miaka thelathini. Sasa tajiri wake ataka cheti kipya kufikia Jumatatu, la sivyo kazi hana. Kwenye mtihani akapewa kigari cha kuchezea akisukume juu ya ubao uliochorwa barabara. Kufika penye rangi ya buluu, akasimama, akakunja mikono.

"Ule ni mto, mzee!" akasema Mueni. "Daraja hukuliona?"

"Daraja? La kwetu Likoni naahidiwa tangu sijaota ndevu."

Mueni akacheka mpaka machozi. "Basi usirudie, ngoja mashine za kutahini madereva badala ya ubao. Serikali imesema wafadhili wataleta."

"Si wamepunguza misaada?"

"Misaada ndiyo, mzee. Ahadi haijapunguzwa."

"Wallahi, Jumatatu nayo haijapunguzwa!"

Feri ikagusa gati, adhana ya magharibi ikalia. Watu wa msikitini walishatandika mikeka kando ya gati na kuandaa tende na uji, wala hawakumuahidi mtu. Awadh akafungua saumu.

"Kwa hiyo kesho utarudia mtihani, ama utangoja mashine?"

"Vua viatu, mwanangu, ukae ule."

Mueni akavua, akakaa.