Dresa Cephas Wangwe na Meno Ishirini na Sita

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nashon, mdogo wake marehemu, na jamaa wamenipa karatasi hii niwasomee, ingawa wapo wengine waliostahili kuliko mimi.

Cephas Wangwe alizaliwa Mfangano tarehe 3 Machi 1919, aling'olewa meno sita ya chini mwaka wa 1931 kama sisi sote kwa mila ya wakati ule, akasoma shule ya misheni hadi 1938, na mwaka wa 1941, katika mtihani wa udresa, ile kazi ya kufunga vidonda na kumsaidia daktari, alipoulizwa mtu mzima ana meno mangapi, aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba ni ishirini na sita. Alikosa alama, darasa zima likamcheka, na hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila Krismasi, tukacheka upya kana kwamba hatujawahi kuisikia.

Kuanzia 1942 alihudumu katika zahanati huko Suna, akiwafundisha akina mama jinsi mwili unavyofanya kazi, moyo, mapafu na figo, vyote akivichora kwa makaa juu ya magunia, na jamani, siku zile zilikuwa tamu, bado nawaona akina mama wale wakijipapasa mbavu kutafuta ini. Alimwoa Milka tarehe 7 Desemba 1946, wakajaliwa Roselyn na Pauline.

Mwaka wa 1960 Roselyn alipofikia umri wa kung'olewa meno, Cephas alikataa katakata. Baba yetu aliuliza, taya likikazwa na pepopunda, uji utapitia wapi, Cephas akamjibu kwamba siku hizi kuna sindano, nami nikashika upande wa baba, nikaapa sitakanyaga kwake, na kwa miaka minane sikukanyaga.

Januari mwaka huu miguu yake ilivimba, akawaeleza wanawe mwenyewe kwamba moyo umechoka kusukuma damu, akalazwa Homa Bay tarehe 2 Februari 1968. Nilifika tarehe 13 nikiwa na maneno ya msamaha tayari, lakini hakunipa nafasi, alininyoshea mkono akasema, "Nashon, shika hapo kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo." Yalikuwa yakirukaruka, hesabu ikanipotea, akacheka, nami nikacheka, nikajiambia nitaomba msamaha kesho. Alituacha alfajiri ya tarehe 14.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Suna, na madresa wenzake waliomleta hadi hapa nyumbani.

Roselyn mwanangu, baba yako sikuwahi kumwomba, kwa hiyo nakuomba wewe, mbele ya watu hawa wote, unisamehe. Nawe kaka yangu, pumzika sasa, amani iwe kwako.