Bi. Tekla na Migongano 412

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Tekla Sumari, Mratibu wa Ratiba wa chuo chetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Tunaandika haya tukicheka na kufuta machozi kwa zamu.

Alikuja mwaka 1996 akiwa mpiga chapa. Enzi hizo ratiba ilikuwa vipande vya karatasi ya manila vilivyobandikwa ukutani. Siku moja mtu alifungua dirisha, upepo wa Mlima Meru ukaingia, muhula mzima ukaanguka sakafuni. Bi. Tekla alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaupanga upya kwa kumbukumbu tu. Saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha!

Mwaka 2019 wanafunzi waliongezeka maradufu, na migongano ya vipindi ikafika 412. Nashipae, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alipangiwa masomo mawili ya lazima saa ileile, angekosa mahafali. Bi. Tekla akamfuata Dkt. Hans Loishiye wa Idara ya Hisabati. "Mwanangu, nisaidie kabla mtoto wa watu hajapoteza mwaka."

Hans akaandika programu ya kuchambua maelfu ya mipangilio na kuchagua ulio bora. Jaribio la kwanza: mgongano sifuri! Tukapiga vigelegele. Bi. Tekla akavaa miwani, akasoma. "Hawa wanatoka kipindi kampasi ya Levolosi saa nne kamili, wanaanza kingine kampasi ya Njiro, ng'ambo ya mji, saa nne kamili. Wataruka?"

Wakakaa pamoja wiki tatu. Bi. Tekla alitaja mambo, Hans akayageuza kuwa masharti: yasiyovunjwa kamwe, kama muda wa kusafiri na sala ya Ijumaa, na yale ambayo mpangilio ukiyavunja unapunguziwa alama, kama mhadhiri anayenyonyesha kutopewa kipindi cha alfajiri. Jaribio la kumi na saba likatoa sifuri ya kweli. Bi. Tekla alitoka mbio koridoni, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akamkumbatia kila aliyekutana naye, mlinzi akiwemo. Novemba hiyo Nashipae alivaa joho.

Sasa Bi. Tekla anahamia kijijini Poli, kwenye migomba na ng'ombe wake wawili. Asante, mama, kwa kila saa uliyotutafutia. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Septemba, ratiba mpya ikitushinda na tukikupigia simu tukilia, tafadhali pokea.