Karata Yenye Ukingo Mweusi

Bon, wamama na wapapa, ndugu zangu wote wa kikundi chetu hiki cha kufarijiana, nawasalimu. Wiki iliyopita mliniomba nisimame nikasema koo inaniuma. Koo haikuwa inaniuma. Niliogopa, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa ameketi pale pale alipo leo, na kuna maneno ambayo mtoto huyasema kwa urahisi mbele ya wageni kuliko mbele ya mama yake. Leo mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimame. Majina ya watu sitayataja. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawatapungukiwa kitu.

Kazi yangu mnaifahamu. Nina secrétariat kando ya barabara: napiga barua kwenye kompyuta, natoa fotokopi, natengeneza mialiko ya harusi na faire-part, yale matangazo ya kifo yenye ukingo mweusi tunayobandika kwenye nguzo za mlango. Nyumbani kwetu Mangobo, baba alipokwisha kutangulia, tulibaki watatu: mama, mimi, na yaya, yaani kaka yangu mkubwa.

Yaya alikuwa mtu wa maswali. Mnajua matanga yetu. Watu wanakesha na wafiwa, vijana wanacheza dame ya ubao na karata ili usingizi usiwashinde. Yeye alikuwa hachezi. Alikuwa anasimama katikati ya viti anawauliza watu. Nani anakumbuka jina la mbwa wa yule muuza mkate aliyehama? Kabla ya kuwa duka la simu, nyumba ile ya kona ilikuwa ya nini? Ukijibu, anakupa karanga kutoka mfukoni mwake. Niliwahi kumwona mjane akicheka katikati ya msiba wake, halafu akajishika mdomo kwa aibu. Alikuwa amejibu swali la yaya na amepata.

Alors, yaya akasafiri kwenda Kindu kwa wajomba. Alivuka mto hadi Lubunga, akapanda pikipiki mpaka Ubundu, na huko akatafuta baleinière, yale maboti ya mbao yanayopakia watu na mizigo pamoja. Alitupigia simu kutoka Ubundu akasema boti linapakia. Tangu hapo simu yake haikuita tena. Baadaye redio ikasema baleinière moja imezama. Moja, lakini zilikuwa zimeondoka nyingine pia, na mnajua wenyewe kwamba hakuna anayeandika majina ya abiria. Tonton wetu, mdogo wa baba, alikwenda kule kuuliza, akarudi mikono mitupu. Hakuna aliyemwona yaya anapanda, na hakuna aliyemwona majini.

Familia ikataka tukae matanga. Mama akakataa. Alisema: « Sikuona maiti, sikuona hata shati yake. Mi siwezi kulia mutu mwenye iko njiani. »

Ndugu zangu, nawaambia, msiba bila matanga ni nyumba bila mlango. Kila kitu kinaingia. Pikipiki ikisimama nje, mama na mimi tunanyamaza pamoja, hatutazamani. Mimi nilianza kumsikia mchana kweupe, nikiwa kazini, ananiuliza swali nyuma ya kiti changu kwa ile sauti yake ya kuchokoza. Nageuka. Namkuta mteja ameshika kadi ya uchaguzi, anataka fotokopi.

Ndipo nikaanza kuyaandika maswali yake kwenye kompyuta, yale niliyoyakumbuka. Yakawa mengi. Nikafikiri, haya yanaweza kuwa mchezo, mchezo wa maswali juu ya mji wetu, watu wakae mezani na vinywaji vyao wabishane. Nikaujaribu kwa wanafunzi wanaokuja kwangu kutoa fotokopi. Mwanzo ulikuwa mbaya, maana maswali ya yaya yanajibiwa na wazee wa Mangobo tu, na mtoto aliyekuja juzi kutoka Bukavu atajua nini juu ya mbwa wa muuza mkate? Basi nikatia sheria mpya: usipojua jibu, danganya, na meza nzima ikikuamini, alama ni yako. Hapo wanafunzi wakasahau hata kwenda darasani.

Pesa ya kuchapa sikuwa nayo. Rafiki yangu wa shule aliye Ubelgiji akafungua ukurasa wa michango kwenye mtandao, na huku kwetu tukapokea kwa simu. Mpango wetu ulikuwa kwamba ukichanga, hata kidogo, unatuma swali lako na linaingia ndani ya boksi. Watu wakafurahi kupita kiasi. Wamama wa soko walituma maswali kwa sauti, kelele za soko zikiwa ndani. Papa mmoja alituma swali ambalo jibu lake ni jina la mke wake. Tukalitia.

Nami nilitia langu. Kulikuwa na fungu la karata za watu, zenye picha, na katika moja niliweka picha ya yaya. Swali lilisema: Huyu ni nani, anayeuliza maswali kwenye matanga ya Mangobo? Sikumwambia mtu yeyote sababu. Boksi zitapanda maboti, zitafika Ubundu, Yahuma, Kindu. Mahali fulani mtu ataiangalia ile picha na kusema, huyu namjua, huyu nilimwona. Mchezo wote ule, ndugu zangu, pamoja na ukurasa wake na michango yake, ulikuwa njia yangu ya kumtafuta.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia. Karata za watu nilizipangia rangi ya zambarau pembeni. Mchapaji alikuwa Kampala. Akanitumia ujumbe kwamba zambarau yake inatoka kama bluu, wachezaji watachanganya, je, atie nyeusi? Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nikajibu, tia. Mimi, ambaye mkono wangu umetengeneza faire-part za nusu ya Mangobo.

Boksi zilipofika, tulizifungua Jumapili baada ya ibada, uani kwetu. Majirani, mabinamu na wanafunzi wangu walikuwepo. Mama alikuwa amekaanga mikate, yale maandazi yetu. Binamu yangu akavuta karata, akaitazama, akataka kuirudisha. Mimi nilikuwa upande wa pili nacheka na watu. Mama akanyoosha mkono akaichukua.

Ilikuwa picha ya mwanawe, imezungukwa na ukingo mweusi pande zote.

Mama hakulia. Alifungua kitambaa cha kichwa, akateremka kwenye kiti, akakaa chini kwenye udongo kama mfiwa. Jirani aliyekuwa anapita mlangoni alimwona vile, na karata mkononi, akaweka mikono kichwani akapiga yowe. Mangobo yowe moja linatosha. Wanawake waliingia wamefunga vitenge kiunoni, vijana wakaleta hema la plastiki, mtu akawasha moto wa kuchemsha maji. Tonton alipigiwa simu Lubunga, akavuka mto analia, akidhani mwili umepatikana. Alinishika mabega.

« Iko wapi? Maiti iko wapi? »

Mimi nilikuwa bado nimeshika dadu ya mchezo. Nikamwambia, tonton, ni mchezo.

Sijawahi kusema neno baya kuliko hilo maishani mwangu. Mama akainuka, akafunga kitambaa chake, akasema: « Murudie kwenu. Hapa hapana matanga. » Siku ile ile alivuka na tonton kwenda kukaa kwa dada yake Lubunga, na mimi hakuniambia hata kwaheri.

Maneno yakaanza. Shangazi mmoja alisema sokoni: « Pesa ya Bazungu haikukuya bure. Alitoa kichwa ya ndugu yake. » Ninyi mnaelewa maana yake. Kwamba nilimuuza yaya, na michango ile ndiyo malipo yake. Nani ataleta mwaliko wa harusi kwa mtu wa namna hiyo? Nikawa nimekaa dukani peke yangu na mashine zangu.

Nilitaka kuzichoma boksi, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzibeba. Mchezo ukapendwa. Nikipita mbele ya nganda, zile baa zetu, nasikia meza nzima inaita jina la yaya kwa pamoja, wanacheka, halafu wanavuta karata nyingine. Jina lake likawa linaitwa mji mzima na mwenyewe haitiki. Nikabadilisha njia, nikalisikia na huko.

Kisha simu. Kwenye boksi tulikuwa tumeandika namba, kwamba ukiona jibu lina kosa utupigie. Wengine walipiga kubishana juu ya mpira. Lakini wengine walisema, yule mtu wa karata yupo hapa. Yupo Simi-Simi, anafanya kazi ya uashi. Yupo Yahuma, amepoteza akili, analala kanisani. Nilikwenda kote. Yahuma nilimkuta mtu maskini asiyefanana naye hata kidole, nikakaa naye mpaka jioni, kwa sababu nilikuwa nimechoka kurudi bila yeye. Nilifunga kazi. Niliacha kula vizuri, niliacha hata kuchana nywele. Nilikuwa nalala na simu kifuani, na nilifika mahali nikawaza kwamba mto ungekuwa rahisi kuliko ile simu.

Hapo ndipo mama msimamizi wa kikundi hiki alipokuja kunigongea. Hakunihubiria. Alisema: « Lete telefone. » Akaichukua akaondoka nayo. Ninyi wamama mlioketi hapa mbele mkaipokezana nyumba kwa nyumba, mkajibu kila aliyepiga, mkimuuliza jambo moja tu: wewe mwenyewe ulimwona kwa macho, au uliambiwa? Wengi walikata. Mimi nikapata kulala.

Siku moja mmoja wenu akaja kwangu akasema, kuna mama mmoja wa Ubundu, muuza samaki. Huyu haombi nauli. Huyu analia tu, na anataka kuja kuongea na mama yako.

Alifika Lubunga kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, nami nikampeleka kwa mama. Mama alisimama mlangoni, hakunitazama. Yule mama alikataa kiti. Akasema:

« Mama, mi nilikuwa na nafasi ndani ya ile baleinière. Mizigo yangu ilikuwa mingi, mwenye boti akasema nishuke ao niache samaki. Nikashuka. Mutoto yako ndiye alinisaidia kushusha, na ndiye alichukua nafasi yangu. Nilimuona anapanda. Nilimuona anaenda. Ni ile ilizama. »

Tonton akamuuliza kwa ukali kwa nini alikaa kimya muda wote ule.

« Papa, ningesema nini? Kama mi niko hai sababu yeye alikaa pa nafasi yangu? Niliogopa mutasema ni mi nilimuua. Halafu batoto yangu balinunua ile mchezo, banakuja na karata, banauliza, mama, huyu nani? Nikaona ni yeye. Siku ile chakula ilinishinda. »

Nilimwangalia mama. Nilijua atafanya moja kati ya mawili, atamfukuza huyu mwanamke au ataanguka. Mama akauliza: « Alikuwa amekula? »

« Alikula, mama. Tulikula naye kwanga ya muhogo na samaki. Alikuwa anatuuliza maswali, tunacheka. »

« Aliuliza nini? »

« Aliuliza ni mama gani anaweza pika majani ya pondu bila mafuta na bado inakuwa utamu. Tukasema hakuna. Akasema iko moja tu, iko Mangobo. »

Mama alitoa pumzi ndefu, karibu na kicheko. Kisha akamgeukia tonton. « Bon. Lete viti. » Akatandika mkeka mwenyewe, akamketisha yule mama wa Ubundu ubavuni pake, mahali pa wafiwa. Halafu akaniambia maneno ya kwanza tangu ile Jumapili: « Vua viatu, ukuje ukae hapa. »

Tulimlia yaya kama anavyostahili mtu.

Sitawadanganya kwamba ameniacha. Bado ananiuliza maswali nyuma ya kiti. Tofauti ni kwamba sasa sigeuki, najibu kimoyomoyo na kuendelea na kazi, maana kazi imerudi, na hata yule shangazi ameniletea mwaliko wa harusi ya binti yake. Tulipotaka kuchapa boksi mpya nilimuuliza mama kama tuiondoe ile karata. Akasema ibaki na ukingo wake mweusi, kwa sababu sasa ni kweli.

Nashukuru. Namshukuru aliyefungua ukurasa, na wote waliochanga pesa na maswali wakasimama nami hata waliposikia nimemuuza ndugu yangu. Nawashukuru ninyi mlioibeba simu yangu. Na yule mama wa Ubundu, popote anapouza samaki leo, Mungu amlinde, kwa maana alibeba habari ambayo ingeweza kumgeukia, na akaileta mwenyewe mpaka mlangoni.

Funzo langu ni fupi. Habari ya mtu aliyepotea si mali yako. Hata ikiwa mbaya, hata ikiwa inakuaibisha wewe uliyebaki hai, ipeleke kwa mwenyewe. Katika mji huu wetu wa maji, hakuna asiyewahi kumwona mtu akipanda boti. Humu ndani tulivyo, mmoja wetu amekaa na jibu la mama mwingine, na mama huyo labda ameketi kiti cha pili tu kutoka kwake. Asitoke leo bila kulisema.

Naketi, maana naona papa mmoja kule nyuma amenyoosha mkono. Tafadhali, zimeni simu. Tumsikilize.