Sakafu ya Trela

Kwenye basi, mbele yangu, mfuga farasi alimwambia fundi wa kuchomelea aliyekaa naye kwamba anakwenda kununua trela la kubebea farasi wake mwenye mimba. "Bei yake nafuu, na rangi mpya."

"Sakafu umeikagua, kaka?"

"Ina zulia la mpira."

"Lifunue. Mbao zikiwa zimeoza, miguu ya farasi itatokea chini, akimbie juu ya lami pamoja na trela."

"Lakini lina stika ya ukaguzi."

Nilicheka peke yangu. Wakubwa wetu hukagua stika. Gari lililompeleka marehemu mke wangu hospitali lilikuwa nayo, na mlango umefungwa kwa kamba.

"Nina kilo tisini," akasema mfuga farasi. "Nitairukia hiyo sakafu mwenyewe."

"Farasi ana mia tano, ndugu yangu."

"Basi nitaruka mara sita."

Basi likasimama. Akashuka, akikunja suruali.