Usiniambie Nani Aliua

Raihana alikuwa amebakiza sura moja tu ya riwaya ya mauaji inayosomwa na nusu ya Bujumbura, ndipo aliposikia abiria wawili wasiojuana wakiizungumzia nyuma yake, ndani ya basi la Kinanira.

“Ule mujane ndiye aliua,” alisema msichana wa chuo.

“Apana! Ni dokta,” akakata mzee mwenye koti. “We uliruka karatasi.”

“Papa, mi nilisoma mpaka neno la mwisho!”

“Na mi pia!”

Raihana aliziba masikio, lakini maji yalikwisha mwagika. Akageuka kwa hasira. “Jamani, mi bado sijamaliza!”

Msichana akainamisha kichwa kwa aibu. Kisha mzee akatabasamu. “Basi soma, mama, utuamue.”

Basi liliposimama kituoni kwake, Raihana akashuka na kitabu chake. Nao wawili wakashuka nyuma yake, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa amefika kituo chake mwenyewe.