Cherehani Kinachoruka Mshono

Benchi la kwa Spoku, fundi baiskeli, lina mguu mmoja wa tofali, na wanaolikalia hawabanduki mpaka birika la Mama Kahawa likauke. Asubuhi hiyo Mama Kahawa alimimina huku jicho likiwa kwenye cherehani chake alichokileta kukiuza. Mnunuzi alikuwa njiani. Pesa ilikuwa ya miwani ya bintiye, ambaye darasani ubao kwake ni ukungu mtupu. Ila kwenye kitambaa kizito, cherehani kiliruka mshono.

— Nimwambie mnunuzi? aliuliza Mama Kahawa.

— Thubutu! alifoka Spoku. Kwetu milimani, muuzaji ana mdomo wa kusifu, mnunuzi ana macho ya kukagua.

— Ndiyo maana mnaogopwa, alisema Kandambili, mshona viatu. Kwetu sisi kasoro hutajwa kwanza. Babu yangu aliuza punda, akamwambia mteja punda anakoroma.

— Akanunua?

— Wapi! Punda ndiye aliyemzika babu.

Betri, fundi redio, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Kwetu hatusemi wala hatufichi. Tunakohoa tu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi asipouliza, usimfunze!

— Ni damu, bwana, alisema Spoku. Mtoto wa milimani akizaliwa halii. Anasifu.

— Shemeji Spoku, alisema Mama Kahawa, si juzi ulikataa kuniuzia tairi la toroli, ukasema lina ufa kwa ndani? Huo nao ni umilimani?

— Ile... niliteleza.

Hapo akafika msichana na furushi la turubai kichwani.

— Shikamooni. Hiki ndicho? Kina shida yoyote?

Kandambili akanywa kikombe kitupu. Spoku akakagua tofali. Betri akakohoa.

Macho hata mwanangu anayo, ila ubao hauoni, aliwaza Mama Kahawa.

— Kinaruka mshono kwenye kitambaa kizito, mdogo wangu.

— Basi tena, dada. Mimi nashona mikoba.

Akageuka kuondoka. Mama Kahawa hakuyarudisha maneno yake.

— We binti, ngoja! alisema Spoku, bisibisi tayari mkononi. Sijawahi kufungua cherehani, ila chuma ni chuma. Betri, msogelee mwenzio, binti apate pa kukaa.

Betri akasogea. Kahawa ya mwisho akapewa mgeni.

— Na kisipotengenezeka? aliuliza msichana.

— Nitakuambia, alisema Mama Kahawa.